STAKABADHI NI MZIGO: TUSITIE DOLE GUMBA KWENYE KARATASI TUPU

(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama wa Chama cha Msingi cha Ushirika. Yamenakiliwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuhudhuria. Mwenye kujua kusoma amsomee jirani yake.)



Msimu wa korosho umekaribia. Mashamba yamepaliliwa, mikorosho imepuliziwa dawa, na ghala la chama limefagiliwa. Lakini liko jambo moja ambalo bado halijakaa sawa vichwani mwetu, nalo ni habari ya karatasi.

Wiki iliyopita vijana wetu wawili walituletea ofisini fomu iliyopigwa chapa. Fomu ile yasema hivi: "Mimi fulani nimemkabidhi fulani haki zangu zote za korosho zilizopokelewa ghalani." Mahali pa jina la mpewaji pameachwa wazi. Mahali pa kilo pameachwa wazi. Chini kuna nafasi ya kutia dole gumba. Anayezigawa fomu hizo anatoa fedha papo hapo, na wenye shida ya ada ya shule au ya matibabu wanaziona fedha kabla ya kuyaona maandishi. Ndiyo sababu tumeona yafaa tuzungumze leo, kabla korosho ya kwanza haijaanguka.

Swali letu ni moja: karatasi ya mzigo ikitoka mkononi mwako ikaingia mkononi mwa mwingine, mzigo unakuwa wa nani?

KWANZA: KARATASI ILIYOSIMAMA BADALA YA MZIGO

Ndugu wanachama, mtu mwenye magunia mia ghalani hawezi kuyabeba kichwani kwenda nayo kwa mnunuzi. Na mwenye shehena iliyomo melini, katikati ya bahari, hawezi hata kuigusa. Basi wafanyabiashara tangu zamani walitafuta njia. Mwenye ghala anatoa stakabadhi inayosema amepokea mzigo gani, kilo ngapi, wa daraja gani. Nahodha wa meli naye anatoa hati ya shehena. Kisha wanaouza na kununua wanapokezana karatasi, na mzigo wenyewe umetulia pale pale ulipo.

Hati ya shehena ina kazi tatu. Ni risiti ya kwamba mzigo umepokelewa. Ni ushahidi wa mapatano ya kuusafirisha. Na tatu, ndiyo kubwa, ni kama ufunguo: anayekuja nayo bandarini ndiye anayekabidhiwa mzigo. Jaji mmoja wa Uingereza, Bowen, aliifananisha hati hii na ufunguo wa ghala mwaka 1883. Twakumbuka kwamba sheria zetu za kuuziana bidhaa zilitokana na za Waingereza wakati wa ukoloni, kwa hiyo kesi zao za kale zatuhusu hata sisi tulio mbali na bahari.

PILI: KESI YA LIVERPOOL

Mwaka 1786 wafanyabiashara wa mji wa Middelburg, Uholanzi, waitwao Turing, walipakia nafaka melini kwenda Liverpool, Uingereza. Nafaka ile ilikuwa imeagizwa na mtu wa Rotterdam aitwaye Freeman, naye alikuwa hajalipa. Nahodha alitoa hati nne za namna moja. Akina Turing walitia saini nyuma ya hati mbili bila kuandika jina la anayepewa, wakampelekea Freeman. Moja wakabaki nayo, na nahodha akabaki na moja.

Freeman alifanya nini? Alizipeleka zile hati mbili Liverpool kwa Lickbarrow na wenzake, nao wakatoa fedha kwa kuzitegemea. Kisha Freeman akafilisika. Akina Turing waliposikia, wakaichukua ile hati waliyobaki nayo wakampa mtu mwingine wa Liverpool, Mason, akapokee nafaka. Nahodha akampa Mason. Lickbarrow akaenda mahakamani.

Hebu tufikiri, ndugu zangu. Turing hakulipwa, naye ndiye aliyeitoa nafaka. Lickbarrow ametoa fedha zake kwa nia njema, hakujua lolote. Wote wawili hawana hatia. Mkosaji ni Freeman, na Freeman hana kitu. Hasara imwangukie nani?

Mwaka 1787 mahakama ilimpa haki Lickbarrow. Mwaka 1790 mahakama ya juu yake ikaitengua hukumu ile. Mwaka 1793 Baraza la Malodi likaagiza kesi isikilizwe upya, na mwaka 1794 Lickbarrow akashinda tena. Ilionekana wazi kwamba kwa desturi ya wafanyabiashara, hati iliyoandikwa "kwa fulani au atakayeamriwa naye" inaweza kupokezanwa, na haki ya mzigo ikaenda pamoja nayo. Sababu waliyoitoa majaji yafaa kila mmoja wetu aishike. Walisema: pale ambapo mmoja kati ya watu wawili wasio na hatia hana budi kupata hasara kwa ujanja wa mtu wa tatu, hasara imwendee yule aliyempa mjanja huyo uwezo wa kudanganya.

Na nani alimpa Freeman uwezo? Ni Turing, aliyetia saini nyuma ya hati na kuacha mahali pa jina wazi.

TATU: NAMNA HAKI INAVYOHAMA

Zipo namna tatu za hati. Ya kwanza imeandikwa jina la mtu mmoja tu. Hiyo haihami kwa kupokezana mikononi. Ya pili imeandikwa jina la mtu "au atakayeamriwa naye". Hiyo yahama kwa mwenye jina kutia saini nyuma, kuandika jina la anayempa, na kumkabidhi. Ya tatu ni ile iliyotiwa saini nyuma pasipo jina la mpewaji. Hii ni sawa na noti ya benki: aliyenayo mkononi ndiye anayeonekana kuwa mwenyewe.

Anayepokea hati kwa njia halali anapata haki ya kudai mzigo. Anapata pia haki ya kumshitaki msafirishaji kama mzigo umepungua au umeharibika. Haki hii ya pili haikuwako tangu mwanzo. Zamani huko Uingereza mnunuzi aliyepewa hati hakuweza kushitaki kwa mapatano ya safari, kwa sababu hakuwa yeye aliyepatana na mwenye meli. Bunge lao lilirekebisha jambo hilo kwa sheria ya mwaka 1855, na mwaka 1992 sheria hiyo nayo ikabadilishwa na nyingine iliyo pana zaidi.

Lakini haki haiji peke yake. Anayeutaka mzigo anaukuta na madeni yake. Mwenye meli anadai nauli, mwenye ghala anadai ada ya kuhifadhi, na aweza kuushikilia mzigo mpaka alipwe. Kwa hiyo mtu akituambia "nimepewa stakabadhi, sidaiwi," tumwulize ada ya ghala ameilipa nani.

NNE: KARATASI HAISAFISHI WIZI, WALA REHANI SI KUUZA

Jamani, tusije tukadhani karatasi ina miujiza. Mwizi akiiba magunia ya jirani usiku, akayapeleka ghalani, akapewa stakabadhi kwa jina lake, stakabadhi ile haimnyang'anyi jirani mali yake. Asiye na kitu hawezi kumpa mwingine. Saini ya kughushi nayo haihamishi kitu.

Tena iko tofauti kati ya kuuza na kuweka rehani. Mwaka 1884 Baraza la Malodi liliamua kesi ya mitambo iliyopelekwa Poti, bandari ya Bahari Nyeusi. Mwenye mitambo aliwapa watu wa benki hati ya shehena, imetiwa saini nyuma, kuwa dhamana ya mkopo. Kisha akapotea. Mwenye meli akawadai watu wa benki nauli, akisema sasa mitambo ni yao. Wakubwa wale wakasema hapana: kupewa hati kwa dhamana ya deni hakukuwafanya kuwa wenye mitambo. Walikuwa na haki ya mdai juu ya dhamana, basi.

Hilo tulishike vizuri, maana ndilo linalotokea hapa kwetu kila mwaka. Mtu anaweka karatasi kwa deni dogo, na mdai anadai mzigo mzima.

TANO: WAJIBU WA MWENYE KUTUNZA MZIGO

Kazi ya mwenye ghala na mwenye meli ni kutoa mzigo kwa mwenye hati, na si kwa anayejuana naye. Miaka ya 1950 kampuni moja ya Uingereza, Rambler, ilipeleka vipuri vya baiskeli Singapore. Mnunuzi alitakiwa alipe benki ndipo apewe hati. Hakulipa. Akaenda bandarini na barua ya dhamana kutoka benki nyingine, mawakala wa meli wakamtolea vipuri bila hati. Kesi ikafika Baraza la Faragha huko London. Mwaka 1959 ikaamuliwa kwamba mwenye meli awajibike. Alijua hati haipo, akatoa mzigo hivyo hivyo.

Kesi nyingine yatuonya juu ya nakala. Mapipa 20 ya sukari yalitoka Jamaica kwenda London, nahodha ametoa hati tatu za namna moja. Benki ilikopesha fedha ikashika hati ya kwanza. Mwenye sukari akaenda kwa wenye ghala la bandari na hati ya pili, akapewa sukari yote. Mwaka 1882 benki ikashindwa mahakamani, kwa sababu wenye ghala walitoa mzigo kwa nia njema, hawakujua kwamba hati ya kwanza iko benki. Fundisho ni kwamba anayepokea karatasi kwa dhamana na aulize zimetolewa ngapi, na amjulishe mwenye ghala mapema.

SITA: KARATASI ZETU HAPA KIJIJINI

Sasa turudi kwetu. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Stakabadhi za Ghala mwaka 2005, na Uganda wakatunga yao mwaka 2006, Kenya mwaka 2019. Huku kusini korosho ilianza kuuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani msimu wa 2007/2008. Maghala yanayotoa stakabadhi hizo hayana budi kuwa na leseni, na iko Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala inayoyasimamia.

Wengi wetu tunachanganya karatasi mbili, na mchanganyiko huo ndio mlango wa walanguzi.

Karatasi ya kwanza ni ile unayopewa na karani wetu ukishapima korosho kwenye mizani ya chama. Ina jina lako, kilo, daraja na tarehe. Hiyo ni ushahidi kwamba chama kimepokea korosho yako na kinakudai kuitunza, nawe unakidai malipo. Karatasi hiyo si ufunguo wa ghala. Mtu akiiokota njiani hapati korosho, kwa sababu jina lako limo katika daftari la chama na fedha zinaingia katika akaunti yako.

Karatasi ya pili ni stakabadhi ya ghala yenyewe. Chama kinakusanya korosho za wanachama wote, kinazipeleka ghala kuu, na huko stakabadhi inatolewa kwa jina la chama. Hiyo ndiyo iliyosimama badala ya mzigo. Hiyo ndiyo inayokwenda mnadani. Mnunuzi akilipa, haki ya mzigo inahamia kwake, anapewa hati ya kutolea mzigo ghalani, anaupeleka bandarini, na huko nahodha anamwandikia hati ya shehena. Korosho ya bibi wa kitongoji chetu inaweza kupita mikono mitatu au minne kabla haijafika ng'ambo, na mikono yote hiyo inapokezana karatasi.

Basi iweje mtu aseme amenunua "haki zote za korosho" kwa kukutia dole gumba kwenye fomu?

Msimu uliopita mama mmoja wa hapa alipima kilo 412 za daraja la kwanza. Mtoto wake alikuwa anakwenda sekondari, na malipo ya mnada yalikuwa hayajatoka. Akamwendea mwenye duka, akakopa shilingi laki moja na nusu, akaacha karatasi ya mizani. Mwenye duka akamtaka pia atie dole gumba kwenye karatasi nyeupe, "kwa kumbukumbu tu." Baadaye mwenye duka akaja chamani anadai kilo zote 412.

Bodi ilifungua daftari. Jina ni la mama, akaunti ni ya mama. Mwenye duka akaulizwa: ulinunua au ulikopesha? Akasema alikopesha. Basi akaambiwa deni lake ni laki moja na nusu, na kilo 412 si zake. Fedha ziliingia kwa mama, deni likalipwa mbele ya mashahidi, karatasi ya mizani ikarudi. Na ile karatasi nyeupe ikaletwa ikachanwa mbele ya kila mtu.

Ndugu zangu, kilichotutia wasiwasi zaidi ni ile nyeupe. Kama mwenye duka angeandika juu ya lile dole gumba, "nimeuza korosho zangu zote na nimepokea fedha," halafu akamwuzia mtu wa mbali asiyejua habari, mama angebaki na neno lake peke yake dhidi ya maandishi yenye dole gumba lake. Kukana kungekuwa kazi kubwa. Hapo tungemkumbuka Turing wa Middelburg.

SABA: MAMBO YA KUFANYA

1. Tusitie saini wala dole gumba kwenye karatasi yenye nafasi zilizo wazi. Jina, kilo, bei na tarehe viandikwe kwanza, kisha usomewe na mtu unayemwamini, si na yule anayekupa fedha. Nafasi inayobaki ipigwe mstari.

2. Ukikopa, karatasi iandikwe "mkopo," na kiasi chake, na siku ya kulipa. Lisiandikwe neno "nimeuza" wala "nimekabidhi haki zote" kama hukuuza. Chama kipewe nakala.

3. Karatasi ya mizani itunzwe pakavu. Ikipotea, toa habari kwa karani siku hiyo hiyo, iandikwe daftarini.

4. Mtu asiye wewe asibadilishe namba ya akaunti yako. Karani asikubali mabadiliko mpaka mwenyewe awepo, na shahidi mmoja. Namba ya siri ya simu ya fedha nayo usimpe mtu. Kuitoa ni kama kutia dole gumba kwenye karatasi nyeupe kila siku.

5. Ukinunua au kupokea karatasi ya mwingine, uliza: imeandikwa kwa jina la nani? Aliipataje? Kuna nakala ngapi? Kuna deni gani juu ya mzigo? Ghala lina leseni?

6. Stakabadhi ya ghala iliyo kwa jina la chama ni jasho letu sote. Wanachama wana haki ya kuuliza mkutanoni: iko kwa nani? Imewekwa rehani benki, na kwa kiasi gani? Ina kilo sawa na daftari la mizani? Sisi viongozi tusinune tukiulizwa. Kiongozi anayekasirishwa na swali la stakabadhi na aulizwe mara ya pili.

Liko neno la mwisho. Baadhi ya wazee wanasema, "Sisi hatukusoma, mambo ya hati tuwaachie wenye elimu." Hapana. Sisi wengine tulizijua herufi ukubwani, katika madarasa ya elimu ya watu wazima, chini ya mwembe ule ule wa shule. Hatukujifunza ili tuandike barua za mapenzi peke yake. Darasa la jioni la Jumanne na Alhamisi, kuanzia juma lijalo, litasoma karatasi ya mizani mstari kwa mstari mpaka kila mmoja ajue jina lake liko wapi, kilo ziko wapi, na mahali pa saini pana maana gani. Karani wa chama amekubali kuja na daftari. Wasiojua kusoma kabisa waje pia, maana kutambua nafasi iliyoachwa wazi hakuhitaji kujua herufi, kunahitaji macho.

Na wale waliokwisha kutia dole gumba kwenye zile fomu, tunawaomba waje ofisini kabla ya mizani kufunguliwa. Hatutamtangaza mtu. Tutaandika barua kwa mwenye fomu, nakala kwa Chama cha Ushirika na kwa Ofisi ya Kijiji, kueleza kwamba fedha zilizopokelewa ni mkopo wa kiasi fulani na kwamba korosho haikuuzwa. Barua hiyo ikitangulia, hakuna mtu wa tatu atakayesema hakujua. Ikichelewa, kila siku moja ni nafasi ya fomu ile kuuzwa kwa mwingine.

 Maswali yaletwe kwa mdomo au yaandikwe yatiwe katika sanduku lililo mlangoni mwa ghala. Majibu yatabandikwa hapa ukutani.

Katibu wa Tawi